Msuli wa Chini

Mkono wa kulia wa Ndululu ulimponza kwa sababu ulipendeza macho. Mwaka ule wa themanini na nne mvua ilikuwa imekataa mara mbili mfululizo, na watu wa upande wa Matinyani walikuwa wamekonda hadi mashati yakawa yanapepea bila upepo. Ukimtazama mzee huyo ungeona mbavu, ungeona shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa, kisha jicho lingefika mkononi na kusimama. Mbele, juu kidogo ya kiwiko, palikuwa na fundo la nyama mfano wa kiazi kitamu kilichofichwa chini ya ngozi. Akikunja mkono, fundo lilivimba likawa kama ngumi.

Karani wa posho aliitwa Waithaka, kijana aliyezaliwa Emali kwenye maduka ya baba yake na kuletwa huku kuandika wenye njaa. Aliliona fundo hilo siku ya kwanza ya baraza. Hakuuliza kitu. Alimwambia mzee akunje mkono, akalibonyeza fundo kwa ncha ya kalamu, akasema kumbe kata hii ina bondia na watu wananyamaza tu. Watu wakacheka, maana mwenye njaa humchekea aliyeshika daftari. Ndululu akaandikwa katika daftari la kwanza.

Madaftari yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa la watu wa nguvu, na kila mmoja alidaiwa hatua kumi za fanya juu kwa siku. Fanya juu ni mtaro unaochimbwa kukata mteremko, na udongo wake sharti urushwe upande wa juu, si wa chini, ili ukawe ukingo wa kuzuia maji. Maji yenyewe hayakuwapo, lakini serikali ilitaka yakija yakute ukingo. La pili lilikuwa la watu wa wastani, nusu ya kazi. La tatu lilikuwa la wanyonge, waliopewa mahindi yao ya njano bila kugusa jembe. Anayeshindwa kumaliza kipimo chake ndani ya wiki alikosa posho ya wiki nzima. Hivyo ndivyo walivyopanga waliokula kabla ya kuja kupanga.

Mama yake Ndululu, bibi Kasyoka, alikuwa na miaka themanini na ushee na macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho. Yeye aliandikwa daftari la tatu. Jioni ya siku ileile akafutwa. Waithaka alieleza kwamba bibi ana mwana mwenye misuli, basi mwana amlishe. Mkono mmoja ukawa umekula posho mbili.

Ukweli wa fundo lile Ndululu aliujua kuliko mtu yeyote. Lilitokea mwezi wa pili, kabla ya karani kuja, siku ya kazi ya lazima ya naibu chifu. Alikuwa akiling'oa jiwe kwa mtaimbo, mkono umenyooka nusu, akasikia sauti begani. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti aliyoizoea tangu utotoni, ya uzi wa upinde unapokatika. Mkono ukamwaka moto, usiku mkono huo ukawa mweusi kama zambarau kutoka begani hadi kiwikoni, na asubuhi nyama iliyokuwa imelala vizuri juu ya mkono ikawa imeteremka na kujikunja karibu na kiwiko. Tangu siku hiyo angeweza kulima kidogo, kwa kuburura jembe. Lakini kuinua beleshi lililojaa na kuligeuza ili udongo uruke juu, hapana. Kiganja kilikataa kugeuka, na kikilazimishwa, bega lililia.

Baba yake alikuwa fundi wa pinde. Siku za ng'ombe kuchinjwa, mzee yule hakungojea mnofu. Aliomba kano ndefu za mgongoni, zile nyeupe zinazong'aa, akazianika, akazipasua kwa meno, akazisokota mpaka zikatoa uzi ambao hata simba angeuheshimu. Ndululu alikulia katikati ya kano. Shule alisoma miaka miwili tu, akaiacha ilipotaka kaptura ya khaki. Lakini alijua kwamba mnofu ni mnofu na kano ni kano, na kwamba mnofu bila kano ni chakula tu, hauwezi kuinua hata nzi.

Wiki nne alijaribu daftari la kwanza. Wiki mbili alipata posho kwa sababu jirani yake Kiilu, mtu wa maneno machache, alimmalizia hatua zilizobaki giza likiingia. Wiki mbili nyingine Kiilu naye alichoka. Ndululu akamchemshia mama yake majani ambayo mbuzi walikuwa wameyaruka, na bibi Kasyoka akala pole pole, akauliza kama serikali imehama.

Basi akaenda kwa naibu chifu Kivuva. Hakupenda kwenda. Yeye na Kivuva walitahiriwa mwaka mmoja, na tangu Syombua, mke wa Ndululu, azikwe, miaka tisa sasa, hawakuwa wamekaa kwenye benchi moja. Syombua alikuwa akibeba mawe ya bwawa katika mwethya, kile kikundi cha kazi za pamoja, na msimamizi wa mwethya wakati huo alikuwa huyuhuyu Kivuva. Syombua alirudi jioni, akalala akishika kifua, siku ya nne akafa. Zahanati haikuwa na dawa. Kivuva alikuja matangani akasema ni mipango ya Mungu. Ndululu aliona Mungu amesingiziwa vya kutosha.

Alimkuta Kivuva akinywa chai ya rangi nje ya ofisi. Alieleza habari ya jiwe, ya sauti ya begani, ya kano. Kivuva alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilimuudhi Ndululu zaidi, kisha akanyoosha kidole kuonyesha fundo.

"Mimi naandika ninachoona," alisema. "Kila mtu hapa anaumwa. Nikiandika maumivu, nani atachimba?"

Ndululu akamuuliza kama anadhani mkono huu ni mzuri.

"Ningekuwa na mmoja kama huo ningegombea udiwani."

Ndululu aliondoka bila kuaga. Njiani alihesabu makosa ya wakubwa kama mwingine anavyohesabu mbuzi wake, na hakupoteza hata moja.

Siku ya Alhamisi ng'ombe wa Kiilu alianguka. Alikuwa wa mwisho katika zizi la watano, na walimwinua kwa miti mara mbili, mara ya tatu akakataa. Kiilu akaamua achinjwe kabla hajafa mwenyewe. Ndululu akaitwa kuchuna, kama kawaida, kwa sababu kisu alikijua hata kwa mkono wa kushoto. Wazee wakakusanyika. Kivuva naye akaja pamoja na karani wake, kwani hakuna nyama iliyokatwa katika kata ile bila sehemu ya mkubwa kutengwa kando juu ya majani.

Hapo ndipo Ndululu alipopata wazo. Mguu wa mbele wa ng'ombe ulikuwa wazi, bado una joto, na minofu ilikuwa bado ikirukaruka kidogo yenyewe, kama inavyofanya mnyama akiwa ameondoka lakini nyama haijapata habari. Akamwomba Kiilu aushike mguu. Akawaambia wazee watazame, na ingawa hakumtaja Kivuva, alisimama upande wake.

Aliwaonyesha kwanza mnofu wenyewe, namna ulivyo nyuzi ndani ya nyuzi, nyuzi nyembamba zimefungwa vifungu, na vifungu vimefungwa pamoja kwa ngozi laini, sawasawa na kamba ya katani wanayosokota wanawake. Akawaonyesha namna mnofu unavyopungua unene kila ukikaribia mfupa, ukaacha kuwa mwekundu ukawa mweupe, ukawa kano, na kano ikashika mfupa kama mizizi ishikavyo mwamba. Akaivuta kano moja kwa vidole. Kwato ikakunjika. Akavuta ya upande wa pili, kwato ikanyooka. Mzee mmoja akasema mnyama huyo bado anataka kwenda malishoni.

"Nyama haijui kusukuma," Ndululu alisema. "Inajua kuvuta tu. Na ili ivute, lazima ishikwe ncha zote mbili."

Kisha akachukua kisu akaikata kano upande wa juu. Mnofu ukajivuta taratibu, ukateremka, ukajikunja ukawa bonge fupi nene. Ndululu akakunja mkono wake wa kulia, akauweka kando ya mguu wa ng'ombe. Yale mabonge mawili yalifanana kama watoto wa tumbo moja.

Waithaka aliangalia kalamu yake. Hata Kiilu alifungua mdomo, akasema kwamba mtu akiona nyama hiyo kwa bucha angedhani ndiyo nene kuliko zote.

Kivuva alitazama kwa muda mrefu. Ndululu aliona kwamba ameelewa, na kwa dakika moja alijiruhusu kuhisi ameshinda. Lakini mkubwa hukubali jambo likiwa na muhuri tu. Kivuva alisema kwa upole, mbele ya wote, kwamba somo ni zuri, ila hawezi kupeleka wilayani ushahidi wa ng'ombe. Alete barua ya daktari. Akachukua sehemu yake juu ya majani, akaenda.

Kituo cha afya cha kanisa kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu. Ndululu alimwachia mama yake kipande cha nyama kilichochemshwa hadi kikawa laini kwa fizi, akaondoka alfajiri. Alisubiri kwenye benchi la simenti kati ya akina mama na watoto waliofungwa utepe mkononi kupimwa unene. Alimtazama muuguzi akikaza utepe kwenye vile vijikono na akawaza kwamba kumbe nchi nzima inahukumiwa kwa mikono mwaka huu.

Muuguzi mwenyewe aliitwa sista Gathoni, mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka. Hakubonyeza fundo kwanza. Alimwambia mzee akae, apumzishe mkono, kisha akalishika bega akitafuta kwa vidole, akapata shimo mahali ambapo kano ilipaswa kuwa. Akampa kijiko, akamwambia ageuze kiganja juu kama anayekunywa dawa. Kijiko kikatetemeka, kikaanguka. Akamwambia akunje mkono huku kiganja kikitazama chini. Mkono ukakunjika, pole pole, lakini vizuri. Sista akaukandamiza kwa nguvu zake, mkono ukashikilia.

Alimweleza kwa Kiswahili cha kawaida. Msuli ule wa juu, unaopendwa na vijana, una vichwa viwili begani. Kimoja kimekatika, kimoja bado kipo. Kazi yake kubwa ni kugeuza kiganja, na ndiyo sababu beleshi limemshinda. Kushona haiwezekani hapa, na kule kwenye hospitali kubwa wangemwambia amechelewa, na kwa umri wake wangemrudisha nyumbani. Ndululu akasema hayo hakuyataka. Alitaka barua iandikwe kwamba mkono umekufa, hawezi kazi.

"Haujafa, mzee," sista alisema. "Siwezi kuandika umekufa."

Ndululu akamuuliza, kwa hasira aliyokuwa ameitembeza nusu siku, kama msuli umekatika, kitu gani basi kinakunja mkono huu?

Sista alibonyeza pande za mkono, chini ya fundo, ndani zaidi, mpaka karibu na mfupa.

"Kuna mwingine huku chini. Ni mpana, umelala kwenye mfupa, haujitokezi, hakuna mtu anayeuonyesha kwenye picha. Huo ndio unaokunja kiwiko siku zote, kiganja kikitazama juu au chini. Ule wa juu ukiwa mzima ndio unasifiwa. Huu ndio umekulimia tangu siku ile."

Aliandika barua. Ndululu aliisubiri akitazama mkono wake kama mgeni aliyekaa nyumbani kwake miaka mingi bila kuulizwa jina.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, na hakuwa na hamu ya kuhesabu makosa ya wakubwa. Alijaribu, akafika kwa Kivuva na bwawa, akakwama. Alikumbuka siku za mwethya. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya mstari. Ndiye aliyeanzisha wimbo, aliyevua shati, aliyepasua ardhi ya kwanza huku wanawake wakipiga vigelegele. Saa sita akawa kivulini na wazee wakimsifu, kibuyu kikizunguka. Na sehemu yake ya kuchimba haikupata kubaki hata siku moja. Asubuhi ya pili ilikuwa imekwisha, imesawazishwa, udongo umepigwapigwa. Hakuuliza nani. Alijua nani. Syombua alikuwa mwembamba, asiye na wimbo, na alipomaliza mawe yake alikuwa anahamia kwenye sehemu ya mume wake. Siku ile aliporudi akishika kifua, alikuwa amebeba kazi ya watu wawili.

Kivuva alikuwa na kosa. Zahanati ilikuwa na kosa. Ndululu hakumsamehe hata mmoja wao, na hasamehe. Lakini alikaa chini kando ya barabara muda mrefu, mkono wa kushoto umeshika wa kulia, pale chini ya fundo.

Barua ilikuwa kwa Kiingereza. Kivuva aliisoma akiwa amesimama, midomo ikisogea, kisha akamtafsiria. Mtu huyu amekatika kano. Asirushe udongo wala asiinue mizigo. Anaweza kazi nyepesi. Ndululu alingoja kukataliwa, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa hilo, na kukataliwa kungemwacha mahali alipozoea. Lakini Kivuva alikunja barua akaiweka ndani ya faili. Akasema yule kijana wa kushika fimbo ya kupimia amekwenda mji wa Salama kupakia malori. Basi Ndululu ashike fimbo. Atapata posho ya daftari la kwanza.

"Na mama?" Ndululu aliuliza.

"Arudi daftari la tatu," Kivuva alisema. "Mwana wake hana misuli tena."

Jambo hilo lilisemwa kama mzaha, na lilikuwa pia haki, na Ndululu hakujua alipeleke wapi mdomoni. Alisema ahsante. Lilitoka kavu.

Hivyo yeye aliyewalaani wapimaji akawa mpimaji. Asubuhi alipita kwenye mteremko na fimbo ya urefu wa hatua moja, karani Waithaka nyuma yake na daftari. Fimbo ililazwa chini, ncha ikawekwa alama kwa kisigino, kisha ikanyanyuliwa na kugeuzwa mbele kuanzia kwenye alama, mara kumi. Kumi zikitimia, karani alitia tiki. Zikipungua, aliweka msalaba.

Wa kwanza alikuwa mjane aliyeitwa Ndinda, mama wa watoto watano, aliyeandikwa daftari la kwanza kwa kuwa bado kijana, mikono kama vijiti vya kuwashia moto. Mtaro wake ulikuwa mfupi. Hata asiye na fimbo angeona. Alisimama kando akitazama chini, beleshi limeegemea paja. Alikuwa amechimba usiku wa mbalamwezi na bado haukutosha.

Ndululu akalaza fimbo. Akaweka alama. Akainua fimbo ili aigeuze mbele, na hapo kiganja, kile kilichodondosha kijiko, kikakataa. Fimbo ikateleza ikaangukia nyuma ya alama, kiasi cha kiganja kimoja. Akaihesabu. Moja. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu vilevile. Kiganja kwa kiganja fimbo ile ilijirudia juu ya ardhi iliyokwisha kupimwa, na ilipofika mwisho wa mtaro, Ndululu alikuwa amesema kumi.

Mjane aliinua macho. Waithaka alitazama mtaro, akatazama fimbo.

"Mzee, hiyo fimbo yako inarudi nyuma."

"Si fimbo, karani. Ni mkono," Ndululu alimjibu. "Barua iko kwenye faili ya mkubwa. Kama unataka mwenye mkono mzuri, uniandike tena bondia."

Waithaka aligeuka, kalamu mkononi. Nyuma yao mteremko ulikuwa umejaa watu walioacha kuchimba, wakisikiliza. Akatia tiki.

Wakaendelea kwenye mtaro wa pili, na wa tatu. Kufikia Jumamosi hakukuwa na msalaba hata mmoja katika ukurasa, na bibi Kasyoka alikuwa amekula uji wa njano mara mbili kwa siku, akasema serikali imerudi. Watu walipokutana na Ndululu walimsalimu kwa mkono wa kushoto, ili asisumbue ule mwingine.

Wiki ile ya kwanza ulikuwa mkono kweli. Baadaye, bega lilipopoa na kiganja kikaanza kugeuka kidogo, Kiilu peke yake ndiye aliyemuuliza kama bado ni mkono. Ndululu alimwambia mkono una misuli mingi, mingine haionekani, na akainama kulaza fimbo.